Nyeupe ya Bibi

Ujumbe wa sauti uliingia Jumatano asubuhi. Shangazi akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho ili nyumba nzima isikie, kwa kuwa alidhani anakwenda kusifiwa.

"Video tumeiona," alisema mama mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo. "Tumeirudia mara tatu. Dada mwenyewe ana adabu, anazungumza vizuri, na sura anayo. Ila tunauliza tu, bila ubaya: ini lake limeshapimwa?"

Bibi akaacha kukunja nguo. Baba Mdogo akarudisha kikombe cha chai mezani kabla hakijafika mdomoni. Na aliyeipiga video hiyo, mtoto wa kaka yake Shangazi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili ambaye ukoo wote ulimwita Dairekta tangu siku aliponunua kamera, alihisi masikio yakiwaka moto.

"Macho ni ya njano," sauti iliendelea. "Mimi nimefanya kazi hospitali miaka ishirini na nane, macho ya njano nayajua. Tumekubaliana kukutana Jumapili, ndugu wote, tutoe uamuzi. Msalimieni mgonjwa."

Ilikuja kujulikana baadaye kwamba miaka hiyo ishirini na nane mama huyo aliimaliza jikoni, akiwapakulia wagonjwa chakula. Lakini katika familia yake yeye ndiye aliyekuwa daktari, na akisema ini, basi ni ini.

Tuseme wazi jambo lenyewe lilikuwa nini, maana haikuwa video ya mchezo. Shangazi alikuwa na miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu wa ushonaji, mjane kwa miaka kumi na miwili. Mwaka uliopita alikwenda kwenye ofisi ya wastaafu kuhakikiwa kwamba bado yuko hai ili asifutwe kwenye orodha, na kwenye benchi la kusubiri akaketi karibu na mzee mmoja mrefu, mpima ardhi, aliyekuwa amekuja kwa shida hiyohiyo. Walisubiri saa nne. Walipotoka pale walikuwa hai kuliko walivyoingia. Mpima Ardhi akarudi kwao, mwendo wa saa kumi kwa basi, na tangu hapo simu ya Shangazi haikupoa.

Katika mwezi wa nane wa simu hizo akatamka neno la ndoa. Tatizo lilikuwa dada zake watatu, waliomlea baada ya mama yao kufariki. "Hao ndio mama zangu waliobaki," alimwambia Shangazi. "Bila baraka zao sijui hata nitasimamaje." Dada wenyewe, akiwemo yule wa ujumbe wa sauti, walikuwa na magoti yasiyoweza kukaa kwenye basi, kwa hiyo wakaomba video: dakika tano, mchumba awasalimie, wamwone anavyoketi na anavyocheka. Ikaonekana ni neema, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na Dairekta, na mwenye ndugu fundi hahangaiki mitaani. Ndivyo walivyodhani.

Shangazi alijibu ujumbe ule papo hapo kwamba haumwi, hajawahi kuumwa, na ini lake ni zima. Baada ya dakika mbili jibu likaja: "Wagonjwa wa ini wote husema hivyohivyo."

"Dairekta," Shangazi akasema, bila kugeuka. "Umenifanya nini?"

Sebule ile ilikuwa na taa mbili na dirisha moja, na kila mwanga ulikuwa na mwenyewe. Darini kulikuwa na taa ya tyubu, mali ya Baba Mdogo, fundi umeme aliyeacha kazi kwa hiari yake baada ya kupigwa na umeme mara mbili kwa siku moja. Mwanga wake ulikuwa na ukijani wa chupa ya soda. Haikuruhusiwa kuzimwa, kwa sababu kuiwasha kulitaka elimu: swichi mara tatu, kisha unaigonga kwa mpini wa ufagio, upande wa kushoto tu. Pembeni ya kiti cha Bibi kulikuwa na taa ya meza yenye balbu ya njano, ambayo Bibi aliitumia kutungia uzi kwenye sindano. Na dirisha lenyewe lilitazama upande usio na jua, likileta mwanga wa mbingu, mweupe wenye ubuluu ndani yake. Dirisha lilikuwa la Shangazi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akifua pazia.

Jicho la binadamu lina huruma. Linaingia kwenye chumba kama kile, linapokea kijani, njano na buluu, linasema haidhuru, hii ni sebule. Kamera haina huruma hiyo. Kamera ni kama mgeni asiyejua kuficha anachokiona: ukimwangazia mtu kwa mianga mitatu, inakuonyesha watu watatu waliogawana uso mmoja. Dairekta aliyajua haya yote. Alikuwa amefundishwa, alikuwa hata amewahi kuwafundisha wengine, kwa maringo. Lakini siku ile ya kupiga, ukoo mzima ulikuwa umesimama ukimtazama, na sifa zikampanda kichwani.

"Naomba kitu cheupe!" alikuwa amesema kwa sauti ya mtaalamu.

Huo ndio utaratibu. Unaionyesha kamera kitu cheupe, unabonyeza kitufe, unaiambia hii ndiyo nyeupe. Nayo inaamini na kupanga rangi nyingine zote kufuata neno lako. Bibi alinyanyuka mwenyewe kwenda kuleta kitambaa chake cha mezani. Bibi alikuwa na miaka themanini na nne, na kwake weupe wa nguo ulikuwa cheti cha tabia. Mtaani watu waliambizana kwamba shuka za Bibi zikianikwa, majirani huanua za kwao. Dairekta alikishika kitambaa kile mbele ya kamera kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe, watu wakapiga makofi. Kisha akakaa siku mbili akiipanga video hiyo kwenye kompyuta, akiitazama na kuitazama, mpaka macho yake yakazoea na kuona kila kitu ni sawa.

Sasa, Alhamisi, alikaa mbele ya kompyuta hiyohiyo kujaribu kumwokoa Shangazi. Shangazi alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti.

Akapunguza njano. Shavu la kulia, lililokuwa upande wa balbu ya Bibi, likapona. Shavu la kushoto, la upande wa dirisha, likawa buluu.

"Huyu sasa si mgonjwa," Shangazi alisema. "Huyu ni marehemu."

"Nusu tu, Shangazi."

Akaongeza wekundu kidogo ili kumfufua. Shavu la kushoto likarudi duniani, la kulia likaiva nyanya. Akapunguza hapa, akaongeza pale, na katika pitapita hizo mashavu yote mawili yakakubaliana kwa mara ya kwanza, ila paji la uso na pua, vilivyokuwa chini ya tyubu, vikabaki kijani.

"Kwani pua imefanya kosa gani?" Shangazi aliuliza.

"Kila mwanga una rangi yake, Shangazi. Dawa ya huu ni sumu ya ule. Nikimtibu mmoja namuua mwenzake." Akaondoa mkono kwenye kipanya. "Haitengenezeki. Tupige upya kesho."

Alitegemea matusi. Badala yake Shangazi alivuta kiti akaketi, akatoa leso, akaikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nampigia tangu alfajiri," alisema. "Simu imezimwa. Miezi minane hajawahi kuzima simu hata siku moja. Wameshamwambia, naye ameona bora anyamaze." Akaiweka leso mezani. "Nampenda yule mzee, mwanangu. Naona aibu kusema hivyo kwa umri huu na mbele yako, lakini nampenda. Sitaki kukosa mume kwa sababu ya balbu."

Dairekta alikuwa amepiga video za maharusi mia na zaidi, akiwaza betri na miguu ya kamera, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya atake kulia. Akamwahidi Shangazi kwamba kesho watapata uso wake halisi hata kama itabidi abomoe ukuta. Usiku huo hakupata usingizi mzuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi akaitisha kikao sebuleni, akatoa masharti: taa zote zizimwe, pazia lifunguliwe, kiti cha Shangazi kigeuzwe kitazame dirisha. Mwanga mmoja, rangi moja, basi.

"Ile ya juu iache," Baba Mdogo alisema haraka.

"Hiyo ndiyo adui namba moja, Baba Mdogo."

"Haijazimwa tangu mwaka juzi. Nikiizima ikagoma kuwaka, je? Mtakaa gizani?"

"Ni saa tatu asubuhi."

"Leo ni saa tatu. Jioni itafika."

Shangazi akamgeukia. "Mdogo wangu, nakuuliza mara moja tu. Taa au dada yako?"

Ni haki kusema kwamba Baba Mdogo alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mbele ya watu. Kisha akapanda juu ya stuli, akaipapasa ile tyubu kama anayeaga msafiri, akashuka na kuizima. Bibi alizima balbu yake mwenyewe bila kuambiwa, huku akimtazama mwanawe wa kiume kwa dharau. Sebule ikabaki na mwanga wa dirisha peke yake, mtulivu, na Shangazi akaketi humo katika gauni lake la zambarau, mikono magotini.

"Kitu cheupe," Dairekta alisema, safari hii kwa unyenyekevu.

Bibi alikuwa tayari. Alikuwa amekifua tena kitambaa chake tangu jana, kwa heshima ya shughuli. Dairekta akakishika mbele ya kamera, akabonyeza, akaangalia kioo.

Shangazi alikuwa wa njano.

Akafuta lenzi. Akazima kamera, akaiwasha. Akabonyeza upya. Njano. Akamwomba Baba Mdogo athibitishe kwamba tyubu imezimwa kweli, Baba Mdogo akajibu kwamba anayejua uchungu wa kuizima ni yeye. Jasho likaanza kumtoka Dairekta. Mwanga ulikuwa mmoja, hakuna wa kugombana naye, na bado ini lilikuwa palepale. Shangazi aliona uso wake ulivyobadilika, akauliza kwa sauti ndogo, "Au ni kweli naumwa?"

Hapo ndipo Dairekta alipochomoa karatasi mpya kwenye mkoba wa kompyuta, karatasi ya kawaida ya kuchapia, akailaza juu ya kitambaa. Akaitazama. Akavipeleka vyote viwili karibu na dirisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile hawakuwa wanatania. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kitambaa kilikuwa buluu. Si sana, buluu ya maziwa yaliyozidishwa maji, lakini buluu.

"Bibi," alisema taratibu, "kitambaa hiki unakifuaje?"

"Kwa mikono yangu. Sabuni ya mche, maji matatu, maji ya mwisho natia buluu ya kufulia."

"Kiasi gani?"

"Mpaka moyo uridhike."

Moyo wa Bibi ulikuwa haujaridhika kwa miaka hamsini. Kila mfuo uliongeza tone, na macho ya watu, yale macho yenye huruma, yaliona ubuluu ule mdogo yakauita weupe wa kupindukia. Kamera ilionyeshwa buluu ikaambiwa hii ndiyo nyeupe, nayo, kwa utiifu, ikamwaga njano kwenye picha nzima ili kuifuta buluu hiyo. Njano ikapaka ukuta, ikapaka gauni, ikaingia ndani ya macho ya Shangazi na kusafiri saa kumi mpaka kwa dada watatu. Dairekta alieleza haya yote kwa sauti inayozidi kupungua, kwa sababu Bibi alikuwa amesimama.

"Unasema nguo zangu si nyeupe."

Baba Mdogo akachunguza dari. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kusema maneno hayo, na wapo waliowahi kusema mambo mazito. Mke wa kwanza wa Baba Mdogo aliondoka kwenye nyumba ile kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Mama," Shangazi alisema.

Bibi akachukua karatasi kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Akaenda dirishani. Akavitazama kwa muda mrefu, akavibadilisha mikono, akavitazama tena. Kisha akageuka, akamtazama binti yake pale kitini, mwanamke wa miaka sitini na moja aliyekaa wima na kusubiri kama mtoto wa shule siku ya matokeo.

"Mimi sijawahi kusema ni nyeupe," Bibi alisema. "Nilisema ni safi. Nyeupe mlisema nyinyi." Akamrudishia Dairekta karatasi. "Tumia hilo likaratasi lako." Akaketi, na kitambaa akakikalia.

Dairekta akaionyesha kamera karatasi, akabonyeza. Kwenye kioo akatokea Shangazi. Ngozi yake ya kahawia iliyokolea, mikunjo miwili kando ya mdomo, alama ndogo ya sindano kidevuni, macho meupe yenye mboni nyeusi zinazoshuku kila kitu. Akaigeuza kamera ili mwenyewe ajione.

"Ndivyo nilivyo?" aliuliza.

"Ndivyo ulivyo, Shangazi."

"Kumbe nimezeeka."

"Lakini huumwi."

Akacheka, na Dairekta akawahi kubonyeza kitufe cha kurekodi. Shangazi alikuwa amefika kwenye "Shikamooni dada zangu" mlango ulipogongwa.

Aliyeingia alikuwa mzee mrefu mwenye kofia mkononi na vumbi mpaka magotini. Begani alikuwa na begi kubwa, mkononi kikapu cha chupa zilizofungwa kwa magazeti, na chini ya kwapa mto wa kulalia. Alisimama kizingitini, akatazama. Aliona taa zote zimezimwa. Mpima Ardhi aliona kile ambacho mtu yeyote angekiona: mwanamke ameketi akitazama dirisha bila kutikisika, mama mzee ameinamisha kichwa, mwanamume mmoja anaikodolea macho dari, na kijana ameshika karatasi kama anayetaka kusoma wasifu wa marehemu.

"Nimechelewa?" aliuliza, na mto ukamdondoka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, ila huyu alikuwa amekuja na dawa kabisa.

"Karibu, baba," Bibi alisema. "Hajafa."

Mpima Ardhi akaja mbio hadi kwenye kiti, akapiga goti moja, goti likalia, hakujali. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Dada zake walimwambia Jumatano jioni kwamba asubiri kikao cha Jumapili. Akawaambia Jumapili ni mbali, ini halisubiri kikao. Alhamisi nzima alizunguka kutafuta dawa, simu ilikuwa imeisha chaji tangu usiku na hakukumbuka hata kuichomeka, jioni akapanda basi.

"Dada mkubwa akanishika mkono mlangoni," alisema. "Akaniuliza, utaoa mgonjwa? Nikamwambia, nitaoa huyu. Akiwa mgonjwa nitaoa mgonjwa. Ikiwa ni kwa miaka, kwa miaka; ikiwa ni kwa mwezi, basi nipeni mwezi huo." Akafuta uso kwa kofia. "Dada akaanza kulia. Ndiye aliyenipa huu mto."

Hapo Dairekta, kwa kuwa dhambi ilikuwa yake, akakohoa na kueleza: taa ya tyubu, balbu, dirisha, kitufe, buluu ya kufulia. Alieleza vibaya sana. Baba Mdogo akatetea tyubu katikati ya maelezo. Bibi hakuinuka pale alipokalia kitambaa. Kamera ilikuwa bado inarekodi juu ya miguu yake mitatu, imewalenga wale wawili, na Dairekta aliliona hilo lakini hakusogea kuizima.

Mpima Ardhi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kama mtu aliyezoea kutoamini ramani mpaka afike kwenye kiwanja, akamshika Shangazi kidevu, akamgeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akatazama jicho moja, akatazama la pili. Akarudia la kwanza, ingawa halikuwa na haja ya kurudiwa.

"Kwa hiyo huumwi," alisema.

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Hata mafua."

Akaangalia begi, akaangalia chupa zake kumi na mbili. Furaha ilikuwa imemjaa usoni waziwazi, lakini pembeni yake palikuwa na kitu kingine, haya kidogo, na kitu kidogo kilichofanana sana na kuvunjika moyo.

"Njia nzima nilikuwa najiandaa," alisema. "Nilishapanga nitakavyokuuguza."

Shangazi akachukua kofia mikononi mwa Mpima Ardhi, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe.

"Utaniuguza," alisema. "Usiwe na haraka."